Maji ya kwenda na kurudi: historia ya mkondo ndani ya tangi la matumbawe

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na deni hilo nalikubali. Lakini kwa wiki tatu sasa usiku wangu umeliwa na jambo jingine kabisa: maji ya bahari. Ndiyo, maji ya bahari, na mimi niko hapa Ziwa, nje ya Eldoret, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hiyo, na barabara ya kilomita kama 800 kabla sijaiona Mombasa. Wageni hudanganywa na jina. Mahali panaitwa Ziwa, lakini tunachouza ni mahindi na maziwa, na maziwa yenyewe ni ya ng'ombe.

Mambo yalianza na binamu yangu aliye Leeds, Uingereza, ambaye ni muuguzi. Sebuleni kwake ana tangi la kioo la lita 60 lenye maji ya chumvi, na ndani yake anafuga matumbawe laini. Hayo ni matumbawe yasiyojenga jiwe gumu mwilini. Yana nyama, yana vijiti vidogo vya chokaa vya kuyashika, na kila mdomo wake mdogo, yaani polipu, una mikono minane. Ana aina mbili: moja yenye umbo la uyoga mnene, Sarcophyton, ambayo yeye huiita "ngozi" kwa sababu ukiigusa ni kama ngozi ya ng'ombe iliyolowa, na nyingine, Xenia, ambayo hufumba na kufumbua mikono yake mchana kutwa. Shangazi, mama yake, alipoonyeshwa picha kwenye simu aliniuliza swali moja tu: "Sasa huyu mtoto anafuga mawe?"

Binamu alikuwa amenunua pampu mbili ndogo na kibao cha kuziendesha, akaniomba nimwandikie programu. Kazi rahisi, nikadhani. Nilifanya utafutaji wa dakika kumi, nikaona kila mtu anasema jambo moja: hesabu lita ambazo pampu husukuma kwa saa, gawanya kwa ujazo wa tangi, ukipata mara 10 au mara 20 uko sawa. Nikaandika kodi (ya kompyuta, si ile ya nyumba) iliyowasha pampu ya kushoto kwa nguvu moja siku nzima, na ile ya kulia kwa nasibu, sekunde chache hapa, sekunde chache pale. Tukapata mara 25. Nikajisifu.

Baada ya siku tisa simu ikalia. "Kaka, ile ngozi imefunga, na upande mmoja unanuka."

Kilichotokea ni hiki. Sarcophyton ina tabia ya kujifunga kwa siku kadhaa na kuvua utando mwembamba kama nta, ili iondoe mwani na uchafu ulioishikilia. Huo utando hauvuki wenyewe, unaondolewa na maji. Upande uliokuwa unapigwa na pampu ulikuwa umejikunja kwa maudhi, na upande wa nyuma, ambako maji yalikuwa yamesimama, utando ulibaki pale pale, ukashika uchafu, na nyama ya chini ikaanza kuoza. Kwa hiyo mara 25 yangu ilikuwa imetengeneza dhoruba upande mmoja na bwawa upande wa pili. Nilimwomba binamu adondoshe punje ya chakula nyuma ya jiwe, aweke rula mbele ya kioo na apige video. Punje ilichukua sekunde 20 kusafiri sentimita 10, yaani nusu sentimita kwa sekunde. Konokono angeipita.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika kodi nikaanza kusoma historia, maana nilitaka kujua watu walifikaje kwenye hii namba ya lita kwa saa, na kama kuna aliyewahi kuishuku.

Wa kwanza niliyempata hakutumia namba yoyote. Mwaka 1846 mama mmoja wa London, Anna Thynne, alitoka likizo Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akiwa amebeba matumbawe madogo ya huko kwenye mtungi. Hayakuwa laini, yalikuwa ya jiwe, yale ya maji baridi, lakini alitaka yaishi nyumbani kwake katikati ya jiji, mbali na bahari kama mimi nilivyo mbali nayo. Mwanzoni aliagiza maji mapya kutoka pwani. Kisha akaona kwamba maji yale yale yanaweza kutumika tena yakipata hewa, na njia aliyoitumia ilikuwa hii: mtumishi wa nyumbani alisimama mbele ya dirisha lililo wazi na kuyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwenda na kurudi, kwa nusu saa au dakika arobaini na tano kila siku. Matumbawe yakaishi kwa miaka, na hata yakazaa. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1859. Anna Thynne anatajwa kwa jina lake, mtumishi anatajwa kwa kazi yake tu, na kwangu mimi yule mtumishi ndiye pampu ya kwanza ya matumbawe katika historia hii. Na angalieni, ilikuwa pampu ya kwenda na kurudi.

Bahati mbaya wazo lililoshinda lilikuwa jingine. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alionyesha kwamba samaki, konokono na mimea vinaweza kukaa pamoja chomboni na kusawazishana: mmea unatoa oksijeni, samaki anaitumia. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium na Waingereza wakashikwa na wazimu wa vioo. Somo walilobeba lilikuwa kwamba ukipata uwiano sawa huna haja ya kuyagusa maji. Kwa samaki wa dimbwi linafaa. Kwa kiumbe kilichoshikamana na mwamba na kisichoweza kuogelea kutafuta maji mapya, ni hukumu ya kifo cha polepole.

Aliyeirudisha harakati kwenye maji alikuwa William Alford Lloyd, mtu wa mashine. Alijenga mfumo wa nyumba ya samaki ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, kisha ule wa Crystal Palace, London, mwaka 1871. Chini aliweka hifadhi kubwa ya maji gizani, kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa, na injini ya mvuke ikayasukuma juu mchana na usiku. Yakapita tangi hadi tangi na kurudi chini. Mfumo mzuri sana, na matangi makubwa ya leo bado yanafuata ramani yake. Lakini ni ramani ya bomba. Maji yanaingia hapa, yanatoka pale, milele, upande mmoja. Kipimo chake cha asili ni kiasi kinachopita kwa saa. Naona hapo ndipo namba yetu ilipozaliwa, na ilizaliwa ili kupima usafi wa maji, wala haikuwa na habari na kile ambacho tumbawe linahisi mwilini.

Karne nzima inapita na sina mengi ya kuisemea, matumbawe yalikuwa yanakufa kwenye vioo na watu wakakubali kwamba ndiyo tabia yake. Kisha mwaka 1961 jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist, likachapisha makala ya Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia. Alikuwa anaishi karibu na bahari ya joto, na njia yake ilikuwa nyepesi mno: mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na uhai wake, jua, na mrija mmoja wa hewa. Mapovu makubwa yanapanda, yanavuta maji, maji yanazunguka taratibu. Matumbawe yakaishi. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakichemsha na kusafisha kila jiwe hawakumwamini upesi. Huwa nawaza kwamba mtu wa Kilifi au Tanga angeweza kuandika makala ile ile mwaka ule ule kama angekuwa na tangi, mrija na anwani ya jarida.

Wajerumani wakaichukua kazi hiyo miaka ya 1970 na 1980. Peter Wilkens aliandika juu ya viumbe hivi visivyo samaki wakati wengine waliviona kama mapambo. Huko Berlin, Dietrich Stüber alifanikiwa kukuza Acropora, tumbawe gumu la matawi, nyumbani kwake, akawa anakata vitawi na kuwapa wenzake, nao wakakata na kuwapa wengine. Waandishi wa programu huria mtaielewa hiyo bila maelezo. Binamu naye alipata matumbawe yake kwa njia hiyo, kipande kutoka kwa jirani, si kutoka baharini. Kule Berlin walitumia mawe hai, taa kali na mkondo wenye nguvu, kuliko kila mtu aliyewatangulia. Mkondo ulitoka kwenye pampu za mdomo mwembamba, ukarushwa kama maji ya mpira wa kuoshea gari. Matumbawe magumu yaliwekwa mbali kidogo yakavumilia. Yale laini, ukiyaweka mbele ya mdomo huo, unayachuna.

Sasa tufike kwa watu wawili ninaowapenda zaidi katika hadithi hii.

Wa kwanza ni Walter Adey wa Smithsonian, Washington. Mwaka 1980 jumba lao la makumbusho ya viumbe lilifungua tangi la mwamba wa matumbawe, na Adey, ambaye alikuwa ameisoma miamba ya Karibi akiwa ndani ya maji, hakukubali tangi bila wimbi. Wimbi lake lilitokana na ndoo: chombo kinajazwa polepole, kinafika mahali kinazidiwa na uzito, kinapinduka, maji yote yanaanguka kwa mpigo mmoja, kinarudi na kuanza kujaa tena. Alikuwa pia na ugomvi na pampu zenyewe. Alisema panga zake zinasaga viumbe wadogo wanaoelea, ambao ndio chakula cha matumbawe, kwa hiyo unasukuma maji huku unaua mlo. Mwaka 1991 yeye na Karen Loveland waliyaweka hayo yote kwenye kitabu, Dynamic Aquaria.

Wa pili ni Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium, Honolulu. Yeye aliiondoa hata ndoo ya kupinduka. Alichukua pipa, akaliweka juu ya tangi, akatia bomba lililopinda ndani yake. Pampu ndogo inajaza pipa polepole. Maji yakifika juu ya mkunjo wa bomba yanajivuta yenyewe, pipa zima linamwagika kwa sekunde chache, hewa inaingia, mvuto unakatika, kujaza kunaanza upya. Anayejua ndani ya tangi la choo cha kuvuta kuna nini amekwisha kuelewa. Maji yanasukumwa mbele, yanagonga ukuta wa mbali, yanarudi. Hakuna kompyuta, hakuna saa, hakuna mstari mmoja wa kodi, na matumbawe ya Waikiki yalistawi. Nilipoisoma hiyo nilijisikia mdogo kidogo, nawaambia ukweli.

Kwa nini kurudi kuna maana kubwa hivyo? Jibu lilikuja kutoka kwa wanasayansi ambao wala hawakuwa wanafuga. Mwaka 1984 Kenneth Sebens alichapisha utafiti juu ya tumbawe laini la maji baridi, Alcyonium siderium, akionyesha kwamba ukubwa linaofikia unafuatana na mkondo wa mahali lilipo. Mwaka huo huo Mark Patterson, akitumia kiumbe hicho hicho, alionyesha kwamba mahali chakula kinaponaswa juu ya mwili wake hubadilika kufuatana na mwendo wa maji: mkondo ukiwa mpole upande wa mbele unapata mlo, ukiongezeka upande wa nyuma ndio unaonasa zaidi. Patterson na wenzake waliendelea hadi kupima matumbawe ya miamba baharini jinsi yanavyopumua maji yakienda kasi au polepole.

Kiini cha jambo ni utando. Kila kitu kilicho ndani ya maji kimevaa utando mwembamba wa maji yaliyosimama, hata kama nje kuna mkondo. Ndani ya utando huo oksijeni haibebwi, inatambaa yenyewe. Nilipiga hesabu kwa daftari: oksijeni huhitaji dakika kama nne kutambaa milimita moja ya maji. Utando ukipungua hadi sehemu ya kumi ya milimita, muda hushuka hadi sekunde mbili na nusu hivi. Ni mraba, jamani! Punguza unene mara kumi, muda unapungua mara mia. Nimetumia miaka kadhaa kuwashauri wenzangu wakwepe algoriti za mraba, na kumbe ngozi ya kila tumbawe inaendesha moja. Mkondo wa upande mmoja tu unaupunguza utando upande unaopigwa na kuuacha mnene nyuma. Mkondo unaogeuka unawapa wote zamu.

Kisha kuna habari ya chakula. Kuna matumbawe laini ya rangi za kupendeza sana, Dendronephthya, mekundu na ya zambarau, ambayo hayana mwani mwilini wa kuyalisha kwa jua. Kwa miaka mingi wafugaji waliyanunua, yakasinyaa, yakafa, na watu wakalaumu chumvi, taa, hata bahati. Mwaka 1995 Katharina Fabricius, Yehuda Benayahu na Amatzia Genin, wakifanya kazi katika Bahari ya Shamu, walionyesha kwamba yanaishi kwa kula mwani mdogo unaoelea, na kwamba kulisha huko na kukua kwake hutegemea mkondo. Chakula chenyewe ni chepesi mno hivi kwamba bila maji mengi kupita mikononi hakuna kinachokusanyika cha kutosha. Yale matumbawe yalikuwa yanakufa njaa ndani ya maji masafi. Masafi kupita kiasi, kwa kweli, yaliyochujwa vizuri na mfumo uliotokana na Lloyd.

Na ile Xenia inayofumba na kufumbua? Watu walidhani inacheza, au inakamata chakula, ingawa mara chache sana ilionekana imekamata kitu. Mwaka 2013 Maya Kremien, Uri Shavit, Tali Mass na Genin yule yule walichapisha vipimo vilivyofanywa chini ya maji huko Eilat kwa leza, juu ya Heteroxenia, ndugu wa karibu. Kila pigo la mikono linasukuma maji juu na kuzuia yale yaliyokwisha kutumika yasirudi. Mwani ulio ndani ya mwili unapofanya usanisinuru unatoa oksijeni, na oksijeni ikizidi inauzuia mwani huo huo usifanye kazi. Kwa hiyo tumbawe linaipeperusha. Waligundua kwamba usanisinuru wakati wa kupiga unaweza kuwa karibu mara kumi ya ule wa wakati limetulia. Mnyama asiye na ubongo amejijengea pampu, tena pampu ya kwenda na kurudi, na anailipia kwa nguvu zake kila saa ya mchana. Kwa hiyo haikosi faida.

Wakati sayansi hiyo inaandikwa, mafundi nao walikuwa wanabadilisha pampu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Tunze ya Ujerumani ilileta pampu ya propela, yenye mdomo mpana, inayosukuma maji mengi bila kuyarusha kama mshale. Katikati ya miaka hiyo VorTech ya Marekani ikaweka mota nje ya kioo na propela ndani, zikishikana kwa sumaku. Zote mbili ziliweza kuendeshwa kwa kidhibiti, kupunguza na kuongeza, kupigana zamu. Maendeleo makubwa. Ila matangazo yakaendelea kuandikwa kwa lita kwa saa, na watu wakaendelea kushindana kwa lita kwa saa. Mnakumbuka zile siku kila duka la kompyuta mjini liliuza megahezi? Pentium 4 ilikuwa na megahezi nyingi kuliko jirani yake na bado ilizidiwa kazi. Ndicho kitu kile kile. Linalomhusu tumbawe ni sentimita kwa sekunde pale alipo, na upande yanakotoka, na kama yatageuka.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo nilipogundua kwamba jibu nilikuwa nalo miaka saba.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni tulikwenda safari ya Shimoni, kusini kabisa mwa pwani yetu. Mpango ulikuwa kuvuka mlangobahari wa Wasini hadi hifadhi ya Kisite tuangalie matumbawe. Tulifika asubuhi, tukavaa miwani ya maji, tukawa tayari kuruka. Nahodha, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufumwa, akatuzuia. "Kijana wangu, leo ni bamvua. Ngoja maji yasimame kidogo, kisha yatageuka." Tulinung'unika, sisi watu wa bara tunajua mto, na mto haugeuki. Tuliporuka niliona matumbawe laini yote yamelala upande mmoja kama ngano kwenye upepo. Tulikula samaki kisiwani, tukaruka tena alasiri, na yote yalikuwa yamelala upande wa pili.

Watu wa pwani wana jina la kila hali ya maji hayo. Kuna kupwa na kujaa, mara mbili kwa siku, kila saa 12 na dakika 25 hivi. Kuna bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita 3, na kuna maji mafu kati yake. Juu ya hayo kuna kusi na kaskazi. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, na kusi ikivuma unashika kasi. Kaskazi ikiingia, mkondo wa Somalia hugeuka kusini na kuja kukutana nao huku kaskazini mwa Kenya. Tumbawe lililoshikamana na mwamba wa Kisite linasukumwa na wimbi kila sekunde chache, linageuzwa na maji kila saa sita, linazidishiwa kila nusu mwezi, na linabadilishiwa msimu kila nusu mwaka. Mimi nilikuwa nimeipa ngozi ya binamu pampu moja isiyochoka na nyingine yenye wazimu.

Na suala hili si la sebuleni tu. Mwaka 1998 joto la El Niño liliipiga Bahari ya Hindi, na kuanzia Machi hadi Mei miamba yetu ilipauka. Hifadhi za Malindi na Watamu zilikuwa zimelindwa tangu 1968, Mombasa tangu 1986, na ulinzi wote huo haukuweza kuyazuia maji ya moto. Katika sehemu nyingi za Kenya kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe magumu yalikufa, na yale laini nayo yakapungua. Mwaka huo huo Okinawa, Japani, nako kulipauka, na Takashi Nakamura na Robert van Woesik walipochunguza, wakaandika mwaka 2001 kwamba matumbawe yaliyokuwa mahali penye mkondo yalinusurika zaidi. Joto linapopanda, mwani wa ndani unatoa sumu za oksijeni, na maji yanayopita yanasaidia kuziondoa. Yaliyokaa kwenye maji yaliyotulia yalibaki yamejifungia na sumu yake, kama ile ngozi ya Leeds na utando wake.

Hapa kwetu, Tim McClanahan, ambaye ameihesabu miamba ya Kenya kwa miongo mingi, aliandika mwaka 2020 juu ya eneo la kutoka Shimoni hadi kusini mwa Tanga, ambako maji baridi yanapanda kutoka kwenye mifereji ya kina iliyochongwa zamani na maji ya Kilimanjaro na Usambara. Huko matumbawe yamepona vizuri kuliko kwingine. Kwa hiyo yale niliyoyaona yamelala ubavu mbele ya yule nahodha yalikuwa miongoni mwa yenye bahati. Mkondo wenyewe ndio bahati yao. Kumbukeni hilo mtu atakapokuja na mpango wa kujenga kitu kikubwa baharini na kusema kwamba maji yatapita tu upande mwingine.

Basi nikafuta kodi ya kwanza. Ya pili ni fupi kuliko ile. Pampu zote mbili zinafanya kazi kwa zamu: ya kushoto inapanda polepole, inafika kileleni, inashuka, maji yanatulia robo saa, kisha ya kulia inachukua. Mzunguko mzima ni saa 12 na dakika 25. Juu yake kuna mpigo mfupi wa sekunde tano, wa kuigiza wimbi, na nguvu ya yote inaongezeka na kupungua kwa siku 14 na kitu, ili tupate bamvua na maji mafu. Kwa nini nisingetumia tu dakika 30 kila upande, kama wengi wanavyofanya? Huenda ingetosha. Lakini nilikuwa na jedwali la maji ya Kilindini mbele yangu na sikuweza kujizuia.

Binamu naye alikata sehemu iliyooza kwa wembe, akaisogeza ngozi sentimita 15 kutoka kwenye pampu, akainua jiwe la nyuma ili maji yapite chini yake. Tulipima tena kwa punje na rula: sentimita 6 kwa sekunde upande wa mbele, 4 nyuma, na baada ya saa sita kinyume chake. Jumla ya lita kwa saa imeshuka hadi mara 14. Tulikuwa na tatizo moja la aibu, la kosa langu tena: Uingereza walipobadilisha saa zao za kiangazi, bamvua yetu iliruka saa nzima usiku mmoja. Bahari haina saa ya kiangazi. Sasa programu inatumia saa ya dunia na haiangalii ukutani.

Utando ulitoka siku ya nne, kipande kizima, binamu akauvua kwa kijiko. Siku ya sita mikono ikaanza kutokeza, kwanza pembeni, kisha juu. Jumapili iliyopita alimpigia shangazi kwa video, nami nilikuwa pale nikinywa chai. Shangazi alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Ngozi ilikuwa imeelemea kushoto. Tulipomaliza kukamua na kurudi, tukapiga tena, na ilikuwa imesimama wima, maji yametulia. Akauliza litalala upande gani sasa. Nikamwambia kulia. Akavuta kiti.